Doh ni G: jinsi muziki unavyosomwa kwenye chuo kidogo

Saa kumi na nusu alasiri bwalo bado linanuka maharage ya mchana. Meza zimesukumwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa nusu duara, na mwalimu wa kwaya anagawa fotokopi zilizofifia pembeni, kwa hiyo sauti ya nne itabidi ikisie baa mbili za mwisho. Tulitakiwa kuwa 22. Tumefika 14: wa ualimu wana jaribio kesho, na besi wawili wameteremka mjini kufuatilia bumu. Mwalimu anabonyeza kinanda mara moja, anasema, "Doh ni G," na tunaanza.

Mtu akichungulia dirishani ataona kwaya tu. Mimi niliyekaa mle miaka mitatu niliona watu wa aina nne. Dada wa sauti ya pili mwenye koti la jinzi alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya muziki. Kwake haya yalikuwa masomo, na akikosa mazoezi matatu alama zinashuka. Jirani yake alisoma uhasibu na alikuja kwa sababu alikulia kwenye kwaya ya kanisa na hakujua aufanyie nini moyo wake siku za katikati ya wiki. Kijana wa sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, alikuwa wa cheti, hajafika shahada, anapigania afike. Wa nne hakuwa mwanafunzi kabisa: baba wa makamo, mtumishi wa maktaba, ambaye ameona wanafunzi wakija na kuondoka na ndiye peke yake aliyeweza kuanza besi bila kusubiri mwenzake.

Wote wameshika karatasi moja, lakini kila mmoja ameingia kwa mlango wake na anadaiwa kitu tofauti. Mkanganyiko mwingi wa wanaotaka kusoma muziki unatoka hapo. Mmoja anaogopa kuomba shahada akidhani lazima awe anapiga kinanda kama malaika. Mwingine anajiunga na kwaya ya chuo akidhani akimaliza atapewa cheti cha muziki. Wa tatu hajui hata kwamba angeweza kuingia bwaloni jioni ile bila kuomba ruhusa ya mtu zaidi ya mwalimu wa kwaya.

Tuanze na mlango mgumu. Shahada ya muziki ni shahada kama nyingine: chuo kinaangalia kwanza principal zako mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye wastani unaokubalika, ndipo kiulize habari za sauti yako. Kuna watu wana vyeti vya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, yenye gredi ya kwanza hadi ya nane, na wanashangaa kuambiwa kwamba gredi ya nane peke yake haichukui nafasi ya principal. Cheti hicho kinaonyesha unapiga. Hakionyeshi kwamba ulimaliza sekondari. Kwa Kenya njia imenyooka kidogo, maana muziki ni somo la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule, lenye karatasi tatu, ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia, kwa hiyo anayeingia chuoni akitokea huko amekwisha kutahiniwa masikio. Kwetu Tanzania wengi tunaingia tukiwa na kwaya ya kanisa, madrasa yenye kasida nzuri, au bendi ya mtaani, na basi.

Halafu zinakuja krediti, na hapa ndipo kikundi kinapoingia kwenye hesabu. Kwa mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikihesabiwa zote: za darasani, za mazoezi na za kujisomea. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360. Sasa tuseme kozi ya kikundi, yaani ya kuimba au kupiga pamoja, imepewa krediti 8. Hizo ni saa 80 kwa semesta. Mazoezi mawili kwa wiki, ya saa mbili mbili, kwa wiki 15, yanakula saa 60. Zile 20 zilizobaki ndizo zinazowaumbua watu: chuo kinadhani unazitumia peke yako kwenye chumba cha mazoezi, ukipitia baa zilizokushinda. Wengi wetu tulizitumia kulala.

Kozi ya kikundi ina tabia moja ambayo kozi nyingine hazina: haiishi. Nadharia ya kwanza ukiifaulu umeachana nayo. Kikundi kinakurudia semesta baada ya semesta, kikibadilisha namba ya kozi tu, na huwezi kukikopa kama notisi kwa mwenzako usiku wa kuamkia mtihani. Pembeni yake kuna vitu vingine: nadharia yenyewe, mafunzo ya sikio, historia ya muziki, muziki wa makabila na wa dunia, chombo chako kikuu, na kinanda ambacho mara nyingi kinalazimishwa hata kwa mwimbaji. Nililalamika sana juu ya kinanda. Baadaye nilielewa kwamba ni mahali pekee ambapo unaweza kuona kwa macho sauti nne zikikaa pamoja.

Mlango wa pili, wa yule dada wa uhasibu, ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, na wepesi wake unatokana na udogo wa chuo. Chuo chenye wanafunzi makumi ya maelfu kinaweza kuchagua. Watu wanapanga foleni. Chuo chenye mamia machache ya wanafunzi, na labda 30 wa muziki kwa miaka yote mitatu, hakina anasa hiyo. Ukiwagawa hao 30 kwenye kwaya, kikundi cha ngoma, bendi na matarumbeta, hesabu haitoshi hata kidogo. Lazima waje wa sheria, wa theolojia, wa ualimu, na mtumishi wa maktaba. Sauti ya tena ndiyo usiseme. Mvulana anayefika G ya juu bila kukunja uso anafuatwa hadi hosteli.

Kwa hiyo usaili wa kikundi cha chuo kidogo si ule wa mashindano ya televisheni. Mwalimu hatafuti nyota. Anakuimbia kifungu cha sauti tano au sita, unakirudisha. Hapo anapima kumbukumbu. Anapiga makofi mpangilio fulani, unaurudisha, anapima mapigo. Anakupandisha ngazi nusu nusu hadi sauti inapokwama, ajue akuweke wapi. Mwisho anakupa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalochuja watu kuliko yote: anakufundisha mstari mfupi, halafu anakuambia uendelee kuuimba huku yeye akiimba mstari mwingine sikioni mwako. Waimbaji wakubwa wa harusini wanaanguka hapo. Wana sauti nzuri, lakini sauti nzuri ikisikia sauti nyingine inahamia kwake, kama mtoto aliyemwona mjomba.

Ukishaingia, unakabidhiwa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo vita ya kwanza, na hapa itabidi nikae kidogo, kwa maana nimeona watu wenye masikio ya dhahabu wakiacha muziki kwa sababu yake.

Kwaya nyingi za Afrika Mashariki zinasoma solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za doh, re, mi. Unajua zilivyo: d : r | m : – | s : m | d : – ||. Herufi ni sauti, nukta mbili zinatenganisha mapigo, mstari wa wima unafunga baa, na kistari kinakuambia uendelee kushikilia. Utaratibu huu ulitokana na Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich huko Uingereza, ukachukuliwa na kukuzwa na mchungaji John Curwen (1816–1880), kisha ukapanda meli pamoja na wamisionari. Ulienea Afrika kwa sababu ya bei: hauhitaji piano wala karatasi maalumu, na unaweza kupigwa chapa kwa mashine ya kawaida ya kuandikia. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alipotunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 aliuandika kwa solfa. Kila Mtanzania aliyewahi kusimama mstarini na kuimba Mungu ibariki Afrika ameimba sauti hiyo.

Siri ya solfa ni kwamba haijali ulipo, inajali uhusiano. Doh inaweza kuwa G leo na F kesho, kulingana na jinsi sauti ya kwanza ilivyoamka. Ndiyo maana mwalimu anatamka "Doh ni G" kabla ya kuanza. Bila sentensi hiyo, karatasi haikuambii uanzie sauti ya juu au ya chini kiasi gani. Mwanasolfa mzuri anabeba ngazi nzima kichwani. Mwimbie soh, atakupa te bila kugusa chombo.

Nota za mistari mitano zinafanya kinyume. Zenyewe zinajali ulipo. Nota iliyokaa mstari wa pili kutoka chini, kwenye ufunguo wa G (ile alama inayochorwa mwanzoni mwa mistari), ni G hata dunia ipinduke. Kama ni doh au soh au fa, hilo utalijua mwenyewe. Mwanasolfa anapoziona kwa mara ya kwanza anachanganyikiwa si kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu doh yake imeanza kuhama nyumba. Kwenye wimbo huu imekaa mstari wa pili, kwenye ule imekaa nafasi ya kwanza, na hakuna aliyeagwa.

Wakufunzi wengi hufundisha nota kana kwamba mwanafunzi ni gunia tupu. Si tupu. Njia iliyonisaidia mimi ni hii: angalia shapu (alama za kupandisha sauti) zilizoandikwa mwanzoni mwa mstari, ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo te. Panda hatua moja ndogo, umeipata doh. Kama ni flati (alama za kushusha), ya mwisho ni fa. Hesabu kushuka, fa, mi, re, doh. Ukishaipata, soma nota kwa solfa yako ya nyumbani. Baada ya miezi michache macho yanazoea na huhesabu tena. Nilifundishwa haya na yule baba wa maktaba, bwaloni, kwa kalamu ya wino mwekundu.

Lakini nisiipambe solfa kupita kiasi. Ina mahali inapokwama. Wimbo ukihamia ufunguo mwingine katikati, yaani doh ikihama, mwandishi analazimika kuweka sauti ya daraja: ile iliyokuwa la kwenye C sasa itaitwa re kwenye G, na inaandikwa kwa herufi mbili, ndogo na kubwa, zikibanana. Kwa wimbo unaohama mara moja ni sawa. Kwa wimbo unaohama mara sita, karatasi inakuwa kama chawa wamemwagwa juu yake. Mpiga kinanda mwenye vidole kumi hawezi kusoma mistari minne ya solfa kwa wakati mmoja akafika salama. Na siku utakayoketi karibu na mpiga fidla aliyefundishwa kwa nota tu, hakuna atakayemwelewa mwenzake pale mwongozaji atakaposema "rudini kwenye soh ya baa ya tisa."

Kwenye matarumbeta mambo yanageuka tena. Tarumbeta ya kawaida imetengenezwa kwa B flati: mpigaji akipuliza bila kubonyeza kitu, karatasi yake imeandika C lakini masikio yanasikia B flati. Kwa hiyo kwaya ikiimba doh ya G, karatasi ya tarumbeta lazima iandikwe A. Saksafoni ya alto ndiyo kabisa, imetengenezwa kwa E flati. G ile ile kwake inaandikwa E. Sasa ongeza hili: vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kijerumani, ambavyo ni wazazi wa matarumbeta ya Kilutheri ya kwetu, vina desturi ya kusoma sauti kama inavyolia. Aliyefundishwa kwa mkondo huo anaita B flati kwa jina lake, na aliyefundishwa kwa bendi anaiita C. Waweke hao wawili chumba kimoja uwape karatasi moja. Nimeshuhudia dakika 20 za mazoezi zikiishia kwenye ubishi kama hii ni C au siyo, na wote wawili walikuwa sahihi.

Kwenye chuo kikubwa mtu mmoja ameajiriwa kuyamaliza hayo kabla hamjafika. Kwenye chuo kidogo mnayamaliza ninyi, na hapo ndipo elimu yenyewe ilipojificha. Hatukuwa na chelo. Kipande kilichopangwa kilitaka chelo. Mwalimu alimwita yule kijana wa cheti, akampa mstari wa chelo, akamwambia auhamishie kwenye gitaa la besi kufikia Jumatatu. Alikesha. Aligundua kwamba chelo inashikilia sauti muda mrefu kwa upinde, lakini uzi wa gitaa ukishadonolewa unakufa taratibu, kwa hiyo alilazimika kuigawa nota ndefu kuwa mapigo mawili bila kuharibu wimbo. Jambo hilo lina jina refu kwenye kozi ya mwaka wa tatu. Yeye alilijua kabla hajaingia mwaka wa kwanza.

Udogo huo una ubaya wake pia. Watu wawili watatu wanaoweza kila kitu wanatumika kwenye kila kitu. Dada wa koti la jinzi alikuwa kwenye kwaya, ngoma na bendi, na wiki ya mahafali alikuwa na mazoezi mara tisa. Chombo chako kikuu kinaweza kukosa mwalimu kwa semesta nzima kwa sababu mwalimu wake alikuwa mmoja tu na ameenda masomoni. Ukiwa mpiga fidla peke yako chuoni huna wa kukuamsha. Unakuwa bora kuliko wote, na pia mbaya kuliko wote. Kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, uliza chombo chako kina walimu wangapi na kikundi gani kinakihitaji. Prospektasi haitakuambia.

Vyuo vyenyewe havifanani. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River mkoani Arusha, kilianza kama chuo cha theolojia cha Kilutheri, na shahada yake ya muziki imekua kwenye ardhi ambayo kwaya ilikuwa imekwisha kuilima. Bagamoyo ni habari nyingine. Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, si chuo kikuu, lakini ngoma, uchezaji na maigizo havitenganishwi kule. Ukienda kusoma ngoma utacheza, upende usipende. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki 2003 akiwa ameizungusha ilimba, chombo cha vyuma vinavyodonolewa, duniani, alifundisha hapo.

Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002, nacho kimejengwa juu ya mila iliyokuwepo kabla ya chuo. Taarab ilikuwa na shule zake zamani: vilabu. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na mtoto aliyetaka kujifunza fidla au udi alikwenda kilabuni jioni, akakaa nyuma, akatazama mikono ya wakubwa. Siku mpiga rika, lile tari dogo, akichelewa, anakabidhiwa rika. Huko kikundi ndicho kilichotangulia, darasa likaja baadaye kukiwekea majina: hii ni rast, ile ni bayati, skeli za muziki wa Kiarabu. Vyuo vyetu vya bara vilianza na darasa, vikaunda kikundi ili darasa lipate cha kufanyia mazoezi. Ukiniuliza mimi, wa Zanzibar waliianza kazi kwa mwisho ulio sahihi.

Wanaofikiria kwenda nje wajue kwamba chuo kidogo cha huko si lazima kiwe hafifu. Chuo Kikuu cha Lawrence, kule Appleton kwenye jimbo la Wisconsin, Marekani, kina wanafunzi takriban 1,500 tu, lakini idara yake ya muziki ipo tangu 1874. Hakina wanafunzi wa uzamili. Maana yake viti vya mbele kwenye okestra, ambavyo vyuo vikubwa huwapa wa uzamili, pale wanakaa vijana wa shahada ya kwanza. Pia wana mpango wa miaka mitano wa kutoka na shahada mbili, ya muziki na ya fani nyingine. Na usishangae ukikuta kule kikundi cha saa nne au tano kwa wiki kinahesabiwa krediti moja. Krediti yao si ya saa 10 kama yetu, na hata kwa hesabu yao wenyewe wanafunzi hulalamika.

Sasa nirudi bwaloni, maana nimeacha jambo.

Mwaka wangu wa mwisho mwalimu wa ngoma aliandaa kipande cha kwaya, ngoma, ilimba na kinanda. Ilimba ni ya Wagogo wa Dodoma: sanduku la mbao lenye vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Mazoezi ya kwanza yalikwenda vizuri hadi tulipofika sauti moja, ile iliyo chini kidogo ya doh ya juu. Ilimba ikasema hivi, kinanda kikasema vile, na katikati yao pakatokea mtetemo wa kukera, kama bati linalogongwa na upepo. Mpiga kinanda akasema ilimba haijatuniwa, yaani sauti zake hazijapangwa sawa. Mpiga ilimba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliidonoa tena, akatikisa kichwa.

Maelezo yake ni haya. Uzi ukivutwa hautoi sauti moja. Unatoa rundo, moja juu ya nyingine, kwa mpangilio usiobadilika. Ya pili ni doh ya juu yake, ya tatu ni soh, ya nne doh tena, ya tano mi, ya sita soh, halafu ya saba, sauti ambayo solfa haina jina zuri kwa ajili yake. Watafiti wa muziki wa Wagogo wameonyesha kwamba skeli yao imekaa karibu sana na sauti hizo za asili, ikiwemo hiyo ya saba. Wanamuziki hupima umbali kwa senti, na senti hizi hazinunui kitu: kutoka doh hadi doh ya juu ni 1,200. Kinanda kimekatwa vipande 12 vilivyo sawa, senti 100 kila kimoja, kwa hiyo sauti yake iliyo karibu iko kwenye 1,000 kamili. Ya saba ya asili iko kwenye 969. Tofauti ni 31, chini kidogo ya theluthi ya hatua ndogo kabisa ya kinanda, na sikio linaikamata mara moja.

Kwa hiyo ilimba ilikuwa imetuniwa sawasawa, tena kwa kipimo cha zamani kuliko kinanda. Udi na fidla havina shida hii kwa kuwa shingo zao hazina vizuizi. Kidole kinateleza hadi mahali panapotakiwa. Kanuni, chombo cha taarab chenye nyuzi zaidi ya 70 zilizofungwa tatu tatu, ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha sauti kwa sababu hiyo hiyo. Kinanda hakina huruma. Baadhi ya vinanda vya umeme vinakuruhusu kushusha sauti moja moja kwa senti, lakini chetu kilikuwa cha msaada, na vitufe vyake vinne havikufanya kazi hata kwa jambo la kawaida.

Tulijaribu njia tatu. Kuitunia ilimba upya ifuate kinanda: mwenyewe alikataa kabisa, na alikuwa na haki. Kukitoa kinanda: kwaya ikapoteza doh baada ya baa 12. Mwisho mpiga kinanda alikubali kupiga doh na soh peke yake, kuinua mkono kila sauti ile ilipokaribia, na kuurudisha ikishapita. Jambo la ajabu ni kwaya. Hakuna aliyetuambia, lakini kufikia wiki ya tatu sauti ya pili ilikuwa ikiimba kama ilimba, chini kidogo ya kinanda, bila kujua. Dada wa uhasibu alishtuka alipoonyeshwa. Alidhani anaimba kawaida.

Kipande kile kilikuwa sehemu ya tathmini yetu. Kikundi huwa kinapewa alama kwa vitu vichache: mahudhurio, maandalizi binafsi, na onyesho lenyewe, ambapo wanakaa mwalimu wa ndani na mtahini kutoka nje na kujaza fomu yenye visanduku vya mapigo, matamshi, uwiano wa sauti na usahihi wa sauti. Tuliimba Ijumaa jioni, bwalo limejaa, maharage yameondolewa mapema. Wa sheria walikuja, wapishi walisimama mlangoni. Ilimba ilipoanza peke yake watu walinyamaza hadi tukasikia jenereta la jirani.

Fomu zilirudi Jumatano. Mapigo vizuri, matamshi vizuri, uwiano vizuri sana. Kwenye kisanduku cha mwisho mtahini wa nje alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kwamba ilimba ilihitaji kutuniwa kabla ya onyesho, akakata alama nne. Mwalimu wa ngoma aliisoma mbele yetu, akacheka, akaikunja akaitia mfukoni. Alama zilibaki zilivyo. Mpiga ilimba alipoambiwa aliuliza swali moja tu: yule mzee alitaka aitunie kwa kufuata nini?